Njia ya Magari ya Kwenda Oregon

Katika nchi ya Marekani, jimbo la Wyoming, karibu na mji mdogo uitwao Guernsey, pana jabali la jiwe la mchanga lililochimbika kama mfereji. Mtu mzima akisimama ndani ya mfereji huo, mahali pengine kingo zake humfika kifuani. Mfereji huo ulichimbwa na magurudumu ya magari, na kwato za maksai, na miguu ya watu waliopita pale mwaka baada ya mwaka, gari moja likifuata nyayo za gari jingine, kwa kuwa nafasi ya kupita ilikuwa ni hiyo moja tu.

Jioni hii nataka kuwasimulia habari za njia iliyopita juu ya jabali lile. Jina lake ni Njia ya Oregon. Ilianza katika miji ya kando ya mto Missouri, hasa mji wa Independence, ikavuka nyanda kubwa za majani, ikapanda milima ya Rocky, ikashuka katika nchi kavu, hata ikaishia katika bonde la mto Willamette, karibu na bahari ya magharibi. Urefu wake ulikuwa zaidi ya maili 2,000, yaani karibu mara tatu ya njia ya kutoka Mombasa mpaka Kampala. Mbele ya safari matawi mawili makubwa yaliachana nayo, moja likienda Utah na jingine California. Kati ya mwaka wa 1841 na mwaka wa 1869 watu wapatao 300,000, na wengine husema hata 500,000, walipita kwa njia hii na matawi yake.

Habari za watu hawa aghalabu husimuliwa kama hadithi za mashujaa. Mashujaa walikuwako, wala sitaki kuwanyima sifa zao. Lakini leo nataka tuitazame njia hii kama mwenye duka atazamavyo daftari lake la hesabu: nani alipata, na nani alilipa. Hakuna safari isiyo na gharama, na mara nyingine gharama hulipwa na mtu ambaye hakusafiri hata hatua moja.

SABABU ZA KUHAMA

Mwaka wa 1837 mambo ya fedha katika Marekani yaliharibika. Mabenki mengi yalifungwa, na bei ya mazao ikaanguka. Wakulima wa mabonde ya Mississippi na Missouri wakajikuta na ghala zilizojaa na mifuko mitupu, na wadai mlangoni. Fauka ya hayo, mabonde yale yalikuwa na malaria. Kila mwaka wakati wa joto watu walilala vitandani wakitetemeka, wala hawakujua kwamba aliyewaletea homa ni mbu. Walidhani ni hewa mbaya ya mabwawa. Basi waliposikia kwamba iko nchi mbali magharibi yenye udongo mweusi, mvua za kutosha na hewa safi isiyo na homa, wengi walitamani kwenda.

Zamani hizo nchi ya Oregon ilikuwa haina mwenyewe mmoja mbele ya mataifa. Uingereza na Marekani zilikuwa zimepatana tangu mwaka wa 1818 kwamba raia wa pande zote mbili waweza kukaa huko. Mpaka haukukatwa hata mwaka wa 1846. Katika mapatano hayo wenyeji, waliokuwa wakikaa huko tangu kale na kale, hawakuulizwa neno.

Na hata njia yenyewe ilifunguliwa kwa maneno ya wenyeji. Milima ya Rocky ni mirefu, na mahali pengi gari haliwezi kupita kabisa. Lakini upo mlango mmoja, uitwao South Pass, ambapo milima huachana ikafanya uwanda mpana wenye mteremko mdogo, hata wasafiri wengi waliupita wasitambue kwamba wamekwisha kuvuka mgongo wa bara. Mwaka wa 1812 mfanyabiashara wa ngozi, Robert Stuart, alipita hapo akirudi mashariki, baada ya Mshoshone mmoja kumwambia kwamba iko njia fupi. Habari zake zikasahauliwa. Mwaka wa 1824 Jedediah Smith na wenzake wakaupata tena mlango ule, nao walielekezwa na watu wa kabila la Crow.

Mwaka wa 1836 wanawake wawili, Narcissa Whitman na Eliza Spalding, wake za wamisionari, walipita katika mlango ule pamoja na waume zao. Watu waliposikia, walisema, "Kama wanawake wamefika, jamaa nzima yaweza kufika." Na mwaka wa 1843 watu wapatao 900 hivi, wenye magari zaidi ya 100, waliondoka Missouri pamoja. Tangu hapo kila mwaka misafara ilikwenda.

GARI NA MIZIGO YAKE

Gari lenyewe halikuwa kubwa. Sanduku lake lilikuwa na urefu wa futi 10 hivi na upana wa futi 4. Juu yake palitiwa matao ya mti, na juu ya matao kitambaa kizito cha pamba kilichopakwa mafuta kisipitishe mvua. Nacho kilikuwa ndugu wa ile merikani ambayo miaka ile ile merikebu za Salem zilikuwa zikiileta Unguja. Gari lilikokotwa na maksai wanne, au sita, au nane. Farasi walikuwa wepesi zaidi, lakini walihitaji nafaka. Maksai waliweza kuishi kwa majani ya njiani, na bei yao ilikuwa nafuu.

Gari lisilo zito mno liliweza kuchukua ratili 2,000 au zaidi kidogo, nazo nyingi zilikuwa ni chakula. Joel Palmer, aliyesafiri mwaka wa 1845 kisha akaandika kitabu cha kuwaongoza wengine, alishauri kwamba kila mtu mzima achukuliwe ratili 200 za unga, ratili 75 za nyama ya nguruwe iliyokaushwa, sukari, chumvi, kahawa, mchele na maharagwe. Ongeza hapo jembe la kulimia, vyombo vya kupikia, shoka, kamba, risasi, matandiko na pipa la maji, utaona kwamba nafasi ya watu haikubaki. Kwa hiyo wengi walikwenda kwa miguu kando ya gari kutoka mwanzo hata mwisho. Aliyepanda alikuwa mgonjwa, au mtoto mchanga, au mama aliyejifungua jana.

Wapo waliotia ndani ya gari kabati la bibi, au kitanda cha mti mzito, au sanduku la vitabu. Vitu hivyo havikufika. Maksai walipoanza kuchoka, mwenyewe alivitupa njiani kimoja kimoja, na karibu na Ngome ya Laramie wasafiri walikuta majiko ya chuma, nyundo za wahunzi na marundo ya nyama yameachwa, kila mwenye kutaka achukue. Lakini hakuna aliyetaka kuongeza mzigo.

KALENDA YA MAJANI

Safari hii ilihukumiwa na majani. Msafara ukiondoka kabla ya mwisho wa Aprili, nyanda zilikuwa bado tupu baada ya baridi, na maksai hawakupata malisho. Ukichelewa mno, waliotangulia walikuwa wamekwisha kulisha yote. Na jambo baya zaidi, theluji ingewakuta katika milima ya mwisho kwenye mwezi wa Oktoba. Basi walikuwa na miezi mitano hivi, wala haikuongezeka. Katikati ya safari liko jabali kubwa la mviringo liitwalo Independence Rock. Walijua kwamba msafara uliofika hapo tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, ulikuwa katika saa yake. Wengi walichonga majina yao juu ya jiwe, na majina mengine yasomeka hata leo.

Mwendo mzuri wa siku moja ulikuwa maili 15. Waliamshwa kabla ya jua kuchomoza. Wanaume na vijana walikusanya wanyama na kuwafunga nira. Wanawake waliwasha moto na kupika. Saa moja ya asubuhi gari la kwanza liliondoka. Waliokuwa mbele jana leo walikwenda nyuma, ili vumbi liliwe na wote kwa zamu. Adhuhuri walipumzika, kisha wakaenda tena hata jioni. Usiku magari yalipangwa duara, gari hili likifungwa kwa jingine kwa minyororo. Michoro mingi huonyesha duara hili likizungukwa na maadui. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa zizi la ng'ombe wasipotee.

Katika nyanda za mto Platte hapakuwa na kuni. Kila jioni wanawake na watoto walipita wakiokota mavi makavu ya nyati katika aproni zao. Mwanzoni waliona haya, lakini baada ya juma moja hakuna aliyeona haya tena. Mto Platte wenyewe ni mpana na wa kina kidogo, una matope, na chini yake una mchanga unaomeza miguu; gari likisimama katikati ya kivuko, lilianza kuzama. Mbele zaidi, katika nchi kavu, mbao za magurudumu zilinyauka hata pete zake za chuma zikalegea na kuvuka. Hapo waliyavua magurudumu jioni wakayalaza mtoni usiku kucha yavimbe tena.

WATOTO SABA

Mwaka wa 1844 Henry Sager na mkewe Naomi waliondoka Missouri na watoto sita. Mwezi wa Mei, wakiwa njiani, mtoto wa saba akazaliwa. Msafara haukuweza kungoja siku nyingi. Mwezi wa Julai, binti yao Catherine, mwenye umri wa miaka tisa, aliruka kutoka garini kama watoto walivyozoea, nguo yake ikanaswa na mpini wa shoka, akaanguka chini ya gurudumu. Mguu ukavunjika, ukafungwa vijiti, na gari likaendelea. Baada ya wiki chache baba akapata homa akafa, wakamzika kando ya mto Green. Kabla ya kufa aliwaombea watoto wake kwa mkuu wa msafara, William Shaw. Hazikupita wiki nne, mama naye akafa kwa ugonjwa ule ule.

Hapo palibaki watoto saba katika jangwa, mkubwa wao ana miaka kumi na minne tu, mdogo ana miezi michache. Wenzao wa safari hawakuwaacha. Kila jamaa walikuwa wamekwisha kupungukiwa unga, lakini waligawana nao. Wanawake walipokezana kumnyonyesha yule mchanga. Shaw na mkewe waliwachukua hata wakawafikisha kwa Marcus na Narcissa Whitman, wamisionari waliokaa katika nchi ya kabila la Cayuse. Whitman na mkewe walikuwa wamempoteza binti yao wa pekee, aliyezama mtoni. Wakawapokea wote saba. Habari za watoto hawa hazikuishia hapo, nami nitawarudia.

MAJI YALIYOUA

Waliposhona mahema yao kule Missouri, wasafiri waliogopa mishale ya wenyeji kuliko kitu kingine chote. Kila mwanamume alinunua bunduki. Baadaye mwanahistoria John Unruh alihesabu habari zilizoandikwa za tangu mwaka wa 1840 hata 1860, akaona kwamba katika miaka ile 20 wasafiri 362 waliuawa na wenyeji, na wenyeji 426 waliuawa na wasafiri. Bunduki zenyewe, zilizotiwa risasi zikatupwa katika magari yanayoruka-ruka, ziliwaua wenye nazo wengi. Wengine walizama katika vivuko, na watoto wengi walikanyagwa na magurudumu.

Lakini muuaji mkubwa alikuwa katika kikombe cha maji. Mwaka wa 1848 dhahabu ilionekana California, na mwaka wa 1849 makumi ya maelfu ya watu walijaa njiani. Mwaka ule ule kipindupindu kilipanda kwa meli katika mito mpaka Missouri, kikaondoka na misafara. Wasafiri walipiga kambi mahali pale pale walipopiga wenzao wa jana, wakachota maji katika visima vifupi karibu na vyoo, na kuyanywa bila kuyachemsha. Mtu aliamka mzima asubuhi, akazikwa jioni. Wakati ule tabibu hakujua kwamba ugonjwa huu huenda kwa maji. Yakadiriwa kwamba watu 20,000 hivi walikufa katika njia hizi kwa sababu zote, walio wengi kwa maradhi. Maana yake ni makaburi 10 katika kila maili. Mengi yalichimbwa katikati ya njia yenyewe, na magari yakapitishwa juu yake, ili mbwa mwitu wasiyafukue.

NJIA YA MKATO

Sasa sikilizeni habari ya haraka. Mwaka wa 1846 msafara wa jamaa za Donner na Reed uliondoka Missouri mwezi wa Mei, nao walikuwa katika kundi la nyuma. Walikuwa wamesoma kitabu cha mtu mmoja, Lansford Hastings, aliyeandika kwamba iko njia ya mkato kusini ya ziwa la chumvi, itakayowapunguzia maili nyingi. Hastings alipoandika maneno hayo alikuwa hajaipita njia hiyo kwa gari. Karibu na Ngome ya Laramie walikutana na James Clyman, mwindaji mzee aliyetoka kuipita kwa farasi. Aliwaambia wafuate njia ya zamani. James Reed alijibu kwamba njia iliyo karibu iko, kwa nini wazunguke?

Wakaingia njia ya mkato. Katika milima ya Wasatch walilazimika kukata miti na kuvunja mawe ili magari yapite, wakapoteza siku nyingi. Kisha walivuka jangwa la chumvi la maili 80 bila maji, na maksai wengi wakafa au wakakimbia kwa wazimu wa kiu. Walipofika chini ya milima ya Sierra Nevada mwisho wa Oktoba, theluji ilikuwa imekwisha kuanguka. Mlango ukafungwa mbele yao. Wakakaa penye ziwa wakati wote wa baridi, wakila maksai, kisha ngozi, na mwisho baadhi yao walikula nyama ya wafu. Waokozi wa kwanza walifika Februari 1847. Katika watu 87 wa msafara ule, waliookoka walikuwa 48 hivi.

Lakini liko jambo jingine katika habari hii ambalo halitajwi sana. Wakati msafara ulipokuwa bado haujanaswa, vijana wawili wenyeji wa California, Luis na Salvador, waliletwa kutoka bondeni na nyumbu wenye chakula kwa ajili yao. Theluji iliwakamata pamoja nao. Wakati wa baridi kundi la watu 17 lilijaribu kutoka kwa miguu, na vijana wale wakiwamo. Njaa ilipozidi, mmoja katika kundi aliwapiga risasi Luis na Salvador ili waliwe. Na baada ya siku chache, wachache waliobaki walijikokota mpaka kijiji cha wenyeji. Na watu wa kijiji kile waliwapa chakula cha mbegu za mwaloni, wakawaongoza kijiji kwa kijiji hata wakafika kwa wazungu wenzao. Hivyo wenyeji waliwalisha mara mbili, na malipo tumeyasikia.

NG'OMBE MMOJA

Katika miaka ya kwanza wenyeji wa nyanda waliwasaidia sana wapitaji. Waliwauzia samaki, viazi na viatu vya ngozi, waliwavusha mitoni, waliwaonyesha visima. Lakini misafara ilipokuwa mikubwa, nchi ilianza kuharibika. Ng'ombe wa wageni walikula majani ya bonde la Platte maili kwa maili. Miti michache ya kando ya mto ikaisha. Nyati, ambao kwa Walakota na Wacheyenne walikuwa chakula, nguo na nyumba, walikimbilia mbali na njia. Na kipindupindu kiliingia katika mahema yao, kikaua watu wasiohesabika.

Mwaka wa 1851 serikali ya Marekani iliita mkutano karibu na Ngome ya Laramie. Wenyeji zaidi ya 10,000 walihudhuria. Walipatana kwamba wapitaji wapite salama, na kwamba serikali ilipe vitu vya thamani ya dola 50,000 kila mwaka kwa miaka 50, kuwa fidia ya majani na nyati. Mapatano yalipofika Washington, Baraza la Senate lilipunguza miaka 50 ikawa 10, na mitano zaidi kama Rais akipenda.

Agosti 1854 ng'ombe mmoja mchovu wa msafiri alipotea, akaingia katika kambi ya Walakota karibu na ngome ile. Mtu mmoja wa kambi akamwua, wakamla. Mkuu wao, Conquering Bear, alikwenda ngomeni yeye mwenyewe akataka kulipa farasi badala yake. Mwenye ng'ombe alikataa, akadai dola 25. Kwa mapatano ya 1851 shauri kama hili lilikuwa la kungojea mjumbe wa serikali. Lakini afisa kijana, John Grattan, alitoka na askari 29 na mizinga miwili kumkamata mkosaji. Mkalimani wake alikuwa amelewa, akawatukana watu wa kambi. Bunduki zikalia, na Conquering Bear akajeruhiwa jeraha la kufa. Walakota walipoona hivyo wakawaangukia askari, wala hakuna hata mmoja wa askari wale aliyepona. Mwaka uliofuata jeshi lilikwenda kulipiza kisasi, likashambulia kijiji kando ya kijito cha Blue Water na kuua watu 86, na wanawake na watoto wakiwamo. Vita vya nyanda vilivyoanza hivyo viliendelea, kwa kukoma na kuanza tena, zaidi ya miaka 30.

Wasikilizaji wangu, katika nchi zetu wafugaji wanajua kesi za ng'ombe. Wazee huketi chini ya mti, hulipwa fidia, na shauri huisha kabla jua halijatua. Conquering Bear alikuja na fidia mkononi.

Nawarudia sasa watoto wa Sager. Mwaka wa 1847 misafara ilileta surua penye misheni ya Whitman. Watoto wa wageni waliugua, wengi wakapona, maana wazazi wao wa vizazi vingi walikwisha kuuzoea ugonjwa huu. Watoto wa Cayuse hawakupona. Yasemekana karibu nusu ya kabila walikufa. Whitman alikuwa tabibu, akawapa dawa wote. Waliofiwa waliona watoto wa wageni wanaamka na wa kwao wanazikwa, wakaamini kwamba awapa sumu. Tarehe 29 Novemba 1847 baadhi yao walimwua Whitman, na mkewe, na wengine, na miongoni mwao wale ndugu wawili wa kiume wa Sager. Vita vikafuata, na mwaka wa 1850 Wacayuse watano walinyongwa Oregon City. Catherine, yule aliyevunjika mguu, aliokoka, akaishi miaka mingi, akaandika habari za jamaa yake. Ndivyo ugonjwa uliopanda gari ulivyowaua mayatima na waliofiwa pamoja.

MTU ALIYEKATAZWA ARDHI

Hata miongoni mwa wasafiri, si wote waliopokewa sawasawa. Mwaka ule ule wa 1844 alisafiri George Bush, mkulima mwenye mali, ambaye baba yake alikuwa wa asili ya Kiafrika. Alikwenda na mkewe na wanawe, na majirani weupe waliokuwa rafiki zake. Walipofika, walikuta Oregon imekwisha kutunga sheria kwamba watu weusi wasikae katika nchi ile. Basi marafiki zake hawakumwacha. Wote waliuvuka mto Columbia wakaenda kaskazini, ambako nguvu ya sheria ile ilikuwa haijafika, wakajenga karibu na mahali paitwapo Tumwater.

Bush alilima vizuri. Mwaka wa 1852 nafaka ilipokuwa adimu, wafanyabiashara walikuja wakitaka kununua mazao yake yote kwa bei kubwa. Alikataa, akawagawia chakula na mbegu wageni waliofika na njaa. Sheria ya ardhi ya mwaka wa 1850, iliyompa kila mtu mweupe ekari 320, na mume na mke ekari 640, haikumpa yeye kitu. Jirani zake wakaandika ombi, na mwaka wa 1855 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya peke yake ya kumthibitishia shamba lake. Alikufa mwaka wa 1863, na haki ya kupiga kura hakupewa.

MWISHO WA NJIA

Tarehe 10 Mei 1869 reli mbili, moja iliyotoka mashariki na moja iliyotoka magharibi, ziliungana mahali paitwapo Promontory, katika Utah. Safari ya miezi mitano ikawa ya wiki moja. Magari machache yaliendelea kupita miaka mingine kadha, kisha majani yakaota juu ya njia, ila pale penye jabali.

Tufunge sasa daftari letu. Upande wa faida twaona watu maskini waliopata mashamba, na majimbo mapya yaliyozaliwa, na ukumbusho wa majirani waliowanyonyesha watoto wasio wao. Hayo ni ya kweli, tusiyafute. Upande wa gharama twaona makaburi 20,000; na baada ya hayo twaona Luis na Salvador, na Conquering Bear na farasi wake aliyekataliwa, na watoto wa Cayuse waliokufa wasijue waliyemkosea ni nani. Hao hawakutafuta kwenda popote. Walikuwa kwao.

Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Katika njia ya Oregon fahali hawakupigana. Walikuwa wamefungwa nira, wakivuta gari kwa amani, na nyasi ziliumia vile vile. Kwa hiyo msomapo habari za njia yo yote kubwa, iwe ya magari, au ya reli, au ya misafara ya kale, msiulize tu ni nani aliyepita. Ulizeni pia ilipita katika shamba la nani.